Katibu Anajinyonyoa

Kasuku aliletwa nyumbani akiwa uchi. Hilo lisemwe mapema, lisije likamshtua mtu huko mbele. Kichwani alikuwa na manyoya yake yote, ya kijivu, yamelala vizuri kama ya mtu aliyetoka kuchana nywele sasa hivi, na mkia wake mwekundu ulikuwepo, ingawa umebaki vijiti vitatu. Lakini kuanzia shingoni kushuka mpaka mapajani alikuwa kuku wa kuchemshwa. Alijinyonyoa mwenyewe, kwa mdomo wake, unyoya mmoja baada ya mwingine, na pale kifuani alipomaliza manyoya alikuwa ameanza ngozi.

Fundi alikuwa anatia zipu kwenye sketi ya mteja pale dada yake alipoingia na tundu mkononi. Akaondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani. Ulimi ulimwasha kuuliza lile ni dudu gani, lakini hakuuliza, kwa sababu yeye na dada yake walikuwa hawasemezani, mwaka wa tisa huo.

Msidhani walikuwa maadui. Waliishi nyumba moja, Fundi chumba cha mbele kinachotazama barabara, ambamo alishona na kulala, dada yake chumba cha nyuma, na katikati pazia la maua yaliyopauka. Walipika pamoja, mmoja akimenya na mwingine akikoroga. Mmoja akiugua, mwingine alikesha. Kitu pekee walichokataa ni kuambizana neno ana kwa ana. Neno lilipitia kwa kitu kingine. "Wewe sufuria, mwambie aliyekuacha motoni kwamba umeungua." Sufuria ilipokea ujumbe, mhusika akausikia, kisha naye akajibu kupitia mwiko. Wateja nao walitumika bila kuombwa. Mtu alikuja kupunguza suruali, akaondoka amefikisha salamu mbili na lawama moja, umbali wa hatua tatu kutoka pale aliposimama.

Sasa hapo ndipo penye kichekesho, maana dada mtu hakuwa mtu wa hivi hivi. Watu wote wa mtaa walimwita Mama Baraza. Alikaa miaka ishirini na miwili kwenye baraza la usuluhishi, tisa ya mwisho akiwa mwenyekiti, na hakuna ugomvi uliofika mezani kwake ukarudi nyumbani ukiwa hai. Alipatanisha waume na wake, wenye nyumba na wapangaji, hata ndugu wawili waliokwisha kuikata nyumba ya baba yao katikati kwa msumeno, akawafanya washikane mikono hapo hapo kwenye ufa. Mwaka huo alikuwa amestaafu, na mikono ilikuwa inamuwasha. Alikuwa anakaa mlangoni anatazama wapita njia kwa huruma, kwa jinsi walivyokuwa wanaelewana.

Ugomvi wake na mdogo wake ulianzia kwenye gauni. Siku ya kuapishwa uenyekiti, Fundi alimshonea gauni la zambarau, la mikono mirefu. Mama Baraza alipoinua mkono wa kulia aape, mshono wa mgongoni ukaachia kuanzia kola hadi kiunoni, kwa sauti kama ya gunia linalochanwa, mbele ya ukumbi mzima. Kiapo alikimalizia akiwa ameegemea ukuta, na jukwaani alishuka kinyumenyume. Nyumbani alisema mkasi wa mdogo wake umemwaibisha. Fundi akasema vipimo vyake havina kosa. Kila mmoja akangoja kuombwa msamaha, na pazia likashuka. Fundi aliliokota lile gauni akalipima upya mara ngapi sijui. Kila mara vipimo vilitoka vile vile, sahihi, na jambo hilo lilimnyima raha kuliko hata kule kutosemezana.

Basi. Habari za kasuku Fundi alizipata kupitia kwa mwenye sketi, ambaye Mama Baraza alimgeukia akamweleza yote kwa sauti ya kufika pembeni. Alikuwa amemsindikiza rafiki yake kwenye kituo cha ndege waliotelekezwa, akaona tundu lenye kadi iliyoandikwa: Anajidhuru. Akasimama pale pale. Mtu anayejidhuru, alisema, ni mtu aliyegombana na nafsi yake, na penye ugomvi pana pande mbili, na penye pande mbili pana shauri. Huyu ndege alifungiwa stoo miaka mitano, chakula anasukumiwa chini ya mlango, hasikii neno la binadamu. Ndiyo maana kituo kilitaka apewe nyumba yenye watu na maongezi. Kwenye fomu palikuwa na swali, je, nyumbani kuna mazungumzo? Mama Baraza alijibu kwa herufi kubwa: mengi.

Alipewa siku arobaini za majaribio. Zikiisha, mkaguzi angekuja. Akikuta vidonda vimefunga, kasuku abaki. Akikuta bado anajila, anamrudisha kituoni, na si kwenye tundu la mbele bali kwenye chumba cha nyuma, cha ndege walioshindikana. Ndege wa chumba kile hawakuwa wanapewa mtu mwingine. Walichomwa sindano, ikawa ndiyo basi.

Mwenye sketi alisema pole, akaomba zipu yake.

Jina alijipatia mwenyewe siku ya kwanza. Kasuku huyu hakusema kitu, hata herufi moja. Alichojua ni kukohoa. Alinyoosha shingo, akatazama kulia, akatazama kushoto, akasafisha koo kama katibu anayetaka kusoma kumbukumbu za kikao kilichopita. Ukisikia kikohozi kile unanyamaza, unaweka mikono mapajani, unangoja. Halafu hasemi. Mama Baraza alimwita Katibu, na Fundi kule mbele naye, bila kushauriana na mtu, alikuwa amekwisha kumwita Katibu.

Kesho yake shauri likafunguliwa. Fundi alilisikia lote nyuma ya pazia, na sehemu nyingine alizichungulia. Mama Baraza aliweka viti viwili. Juu ya daftari aliandika: Kasuku dhidi ya Kasuku. Asubuhi alimketisha Katibu kwenye kiti cha kushoto kama mlalamikaji, akamuuliza anadai nini. Katibu akasafisha koo. Mama Baraza akangoja na kalamu hewani robo saa nzima. Mchana akamhamishia kiti cha kulia kama mlalamikiwa, akamsomea mashtaka ya kumshambulia mwenzake wa asubuhi na kumvua nguo, akamuuliza ana utetezi gani. Katibu akasafisha koo tena. Jioni hukumu ikatoka: pande zote mbili zina makosa, zisameheane na kupeana mikono. Kwa kuwa mikono haikuwepo, Mama Baraza alimshika mguu wa kulia akaukutanisha na wa kushoto, na Katibu, akiwa hana mguu wa tatu wa kusimamia, akaanguka chini ya kiti.

Fundi aliuma kitambaa asicheke. Lakini usiku ule alisikia kupitia pazia sauti ndogo, kama ya uzi unaokatwa kwa meno, na asubuhi aliokota sakafuni manyoya mawili yenye alama ya damu kwenye mizizi. Hakucheka tena. Aliyatia kwenye kopo la vifungo, hakujua kwa nini.

Wakamwita daktari wa mifugo. Huyu alikuwa kijana wa ng'ombe hasa, mwenye mabuti na mikono mirefu, akamgeuza Katibu kama mtu anayetafuta kiwele. Alisema angekuwa ng'ombe angejua la kumfanya. Kwa huyu alitoa dawa ya kupaka, akasema ndege wa namna hii huwa na kinachomchokoza, nacho lazima kijulikane, kwa hiyo waandike kila akijing'oa: saa ngapi, nani yupo, nini kinatendeka. Tangu astaafu, Mama Baraza hakuwa ameambiwa neno tamu kama hilo. Alinunua daftari jipya, la jalada gumu.

Sasa, kitu kimoja kilijitokeza chenyewe, bila mtu kukipanga. Katibu aliwekwa kwenye kijiti chake pale kwenye pazia, nusu huku nusu kule, apate upepo wa pande zote. Naye alikuwa na masikio, na macho ya mviringo yanayokutazama unapoongea. Ukilinganisha na sufuria, huyu alikuwa mtu mzima. Haikupita wiki, sufuria na mwiko vikapumzishwa. "Katibu, mwambie mwenzetu maji ya kuoga yako tayari." "Katibu, mwambie Mwenyekiti asante, na sabuni aliificha wapi?" "Katibu, mwambie mwenzetu sabuni haifichwi, inawekwa." Katibu akipokea ujumbe alimtazama aliyemtuma, akamtazama aliyetumiwa, akasafisha koo, kisha akainamisha kichwa begani akachomoa kitu.

Na Mama Baraza, tumpe haki yake, aliandika. Siku nzima aliandika.

Siku ya ishirini na sita alikwenda sokoni, na Fundi akapita upande wa pili wa pazia kutafuta pasi. Daftari lilikuwa juu ya meza. Mwandiko wa dada yake ulikuwa wa baraza, mnyoofu, unaoeleza kila jambo kama vile anayesoma ni hakimu asiyejua chochote.

"Saa tatu na robo asubuhi. Waliohudhuria: mimi, mwenzangu. Nilimwambia amwambie mwenzangu kwamba unga umekwisha. Alijing'oa unyoya mmoja, bega la kushoto."

"Saa sita kamili. Waliohudhuria: kama hapo juu. Mwenzangu alimwambia aniambie kwamba unga haukuisha, uko nyuma ya ndoo. Alijing'oa mmoja, kifua, akatoa damu kidogo."

"Saa sita na dakika mbili. Nilimwambia amwambie mwenzangu kwamba unga hauwekwi nyuma ya ndoo. Alijing'oa mawili."

Kurasa tatu Fundi alizisoma amesimama, ya nne akakaa. Hapakuwa na unyoya hata mmoja uliotoka peke yake. Kila unyoya ulikuwa na "mwambie" yake mbele, umeandikwa kwa wino, umepigiwa mstari kwa rula, na aliyeandika hakuona. Mwanamke aliyesikiliza watu miaka ishirini na miwili alikuwa amekusanya ushahidi wote dhidi yake na mdogo wake, akauweka vizuri mezani, akaenda kununua vitunguu.

Mama Baraza aliporudi, Fundi alikuwa amesimama kwenye pazia, neno liko mdomoni.

"Katibu," alisema, "mwambie..."

Katibu alikuwa amekwisha inamisha kichwa. Fundi akafunga mdomo. Hapo ndipo alipoona jinsi walivyojifunga. Yeye peke yake anajua kinachomuua ndege, na njia pekee ya kulisema ni ndege mwenyewe.

Siku zilizobaki zilikuwa kumi na nne. Fundi alikwenda kwenye meza ya kukatia, akatwaa chaki, na juu ya kitambaa cheusi cha suruali za mlinzi wa benki akaandika kwa herufi kubwa: TUSIMTUME KASUKU TENA. NDIKO KUNAKOMCHOKOZA. SOMA DAFTARI LAKO. Akakitundika kwenye pazia.

Mama Baraza alivaa miwani, akasoma, akavua miwani. Akatwaa chaki akaandika chini yake: Maandishi hayana tarehe wala sahihi. Fundi akatia tarehe na sahihi. Mama Baraza akaandika: Imepokelewa. Kisha akaingia chumbani kwake na daftari, na kwa muda mrefu zikasikika kurasa tu zikigeuzwa. Alipotoka hakumtazama mtu. Suruali za mlinzi zilishonwa hivyo hivyo, chaki ikifutwa kwa brashi, na hadi leo mlinzi hajui kwamba mguu wake wa kushoto uliwahi kuwa barua.

Walijaribu kurudi kwenye sufuria. Lakini "mwambie" ni "mwambie" hata ukiielekeza kwenye chombo. Katibu aliisikia, akajing'oa. Basi wakanyamaza kabisa.

Hujawahi kuona ukimya kama ule. Siku ya kwanza mchuzi ulitiwa chumvi mara mbili, siku ya pili haukutiwa kabisa, kila mmoja akidhani mwenzake ametia. Mama Baraza alitoka akamfungia Fundi ndani pamoja na wateja wawili, nao wakatolewa dirishani na vitambaa vyao. Katibu siku ya kwanza hakugusa unyoya, na Fundi akaanza kupata matumaini. Siku ya pili akaanza kukohoa. Alimtazama huyu, akasafisha koo, akamtazama yule, akasafisha koo, kutwa nzima, akingoja mtu afungue kikao. Hakuna aliyefungua. Nyumba ilikuwa imegeuka stoo nyingine, yenye watu wawili ndani yake.

Siku ya tatu asubuhi, Fundi alikuwa anatunga uzi kwenye sindano aliposikia kitu kikidondoka kwenye sakafu, tone, tone, kama bomba lisilofungwa. Alipogeuka, Katibu alikuwa ameshika mdomoni unyoya mkubwa wa bawa, ule mchanga ambao bado una damu ndani ya bomba lake, na bawa lilikuwa linatiririka.

Mama Baraza alitokeza na taulo kabla hajaitwa, maana nani angemwita. Fundi alimpigia daktari simu, na ilipopokelewa akaiweka mezani ipaze sauti. Daktari alikuwa shambani, ng'ombe anazaa, na ndama amekuja vibaya. Alisema mmoja amshike, mwingine atwae unga laini akandamize pale panapotoka damu, wasiachie, ndege hana damu ya kuchezea. Kisha akapiga kelele wavute miguu ya mbele, wavute kwa pamoja, na Mama Baraza akaitazama miguu ya Katibu kwa hofu mpaka daktari alipofafanua kwamba sasa alikuwa anawaambia wenye ng'ombe.

Mama Baraza alimfunga Katibu kwenye taulo akamkumbatia kwa nguvu zake zote, kama mtu aliyeshika mwizi. Fundi alikuwa na unga kwenye kiganja. Akaona mdomo wa ndege ukifunguka, ulimi mweusi ukitoka, macho yakianza kwenda. Hakuwa na muda wa kutafuta sufuria.

"Dada, usimbane kifua."

Mama Baraza akaruka kidogo, kama aliyeguswa na kitu cha moto. "Nishike wapi?"

"Shingoni na miguuni. Kifua kiache. Usipokiacha kikapanda na kushuka, hapumui."

"Hivi?"

"Hivyo. Mgeuze. Sogeza kidole."

Fundi akakandamiza unga. Kwenye simu ng'ombe alilia, watu wakahimizana. Wale wawili walikuwa wamepiga magoti sakafuni, vichwa vimekaribia kugusana, unga mpaka kwenye nyusi, wakiutazama ule mkate mdogo mwekundu ulioumbika kwenye bawa. Haukulowana zaidi. Daktari alisema ni jike. Walihitaji kufikiri kidogo kabla ya kujua kwamba alimaanisha ndama.

Simu ilipokatika, hakuna aliyeinuka. Katibu alikuwa anahema kwenye taulo, kifua chake cha uchi kikipanda na kushuka. Mama Baraza alikitazama kile kifua muda mrefu.

"Siku ile uliponipima," alisema, "nilibana pumzi."

Fundi alijua ni siku gani. "Ulibana kiasi gani?"

"Zote. Nilitaka kiuno. Mwenyekiti aliyenitangulia alikuwa na kiuno."

"Na nilipozungusha tepu kifuani?"

"Bado nilikuwa sijapumua."

Mtu mwingine hapo angelia, au angekumbatia. Fundi alipiga hesabu. Pumzi zote, mwanamke wa umbo lile, ni vidole vinne, labda vitano. Ukichanganya na kuinua mkono, vitano. Kitu kilichokuwa kimekaba kwenye ubavu wake miaka tisa kikaachia, nacho hakikuwa msamaha. Ilikuwa raha ya ufundi. Gauni lilikuwa sahihi. Alikuwa amempima mwanamke ambaye hayupo, na akampima bila kosa.

"Kwa hiyo mshono wangu haukuwa na neno."

"Mshono ulikuwa mzuri. Mwili ndio uliorudi."

Raha ile ikadumu kiasi cha kumeza mate, halafu zikaja hasira za miaka tisa, zote kwa pamoja, zinasukumana mlangoni. Fundi alisema aliyoyasema. Mama Baraza naye hakukaa kimya, alisema mtu ambaye kazi yake ni miili ya watu hawezi kumshika mteja kiunoni asijue kwamba hapumui. Fundi alisema yeye si nesi. Waligombana mpaka chakula cha mchana, wakala wakigombana, wakaosha vyombo wakigombana. Wateja waliokuja walisimama mlangoni na vifurushi vyao, wakaona Mama Baraza amemnyooshea kidole mdogo wake na mdogo wake amemnyooshea mkasi, wakarudi kuwaeleza wengine.

Ni Fundi aliyetambua kwanza. Alikuwa katikati ya sentensi kuhusu ndoo ya mwaka wa pili wa kutosemezana. Akanyamaza, akaonyesha kwa kidevu. Katibu alikuwa kwenye kijiti chake, bawa lina gamba la unga, shingo ameinyoosha, anamtazama anayesema, kisha anamgeukia anayejibu, kama mtu aliyelipia kiti cha mbele. Tangu ugomvi uanze hakuwa amegusa mwili wake.

"Endelea," alisema Mama Baraza kwa sauti ya chini. "Ndoo imefanyaje?"

Kwa siku zile tisa zilizobaki hawakupumzika. Yalikuwepo ya kusema: nani alimzika paka na wapi, kwa nini mjomba aliondoka bila kuaga, ile barua iliyochomwa ilikuwa ya nani. Yaliyokuwa ya kucheka walicheka, na mengi yalikuwa ya kugombea. Usiku ukiingia waliendelea kupitia pazia, taa zimezimwa, mpaka mmoja asijibu. Kifuani kwa Katibu vidonda vilikauka, kisha pakatokeza vitone vya kijivu, kama ufuta uliomwagika.

Mkaguzi alifika siku ya arobaini asubuhi. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye mizani ndogo ndani ya mkoba na kalamu mbili mfukoni, moja nyekundu. Alimpima Katibu uzito. Alitazama kifua kwa kioo cha kukuza. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alisema vidonda vimefunga, lakini amewahi kuona vikifunga wiki moja na kufunguka nyingine. Anataka kusikiliza mapafu, na tena anataka kumwona ndege akiwa ametulia, hana wa kumshughulisha. Akaomba wote wanyamaze kwa dakika tano.

Wakanyamaza. Mkaguzi akatoa saa.

Dakika ya kwanza ilipita. Ya pili, Katibu alimtazama Mama Baraza. Akamtazama Fundi. Akasafisha koo. Mkaguzi akaandika kitu kwa kalamu ya bluu. Ya tatu, Katibu akasafisha koo tena, na jicho lake la mviringo likaanza kuwa kama lile la siku za ukimya. Fundi alimwona dada yake amekaza mikono mapajani, midomo imekuwa myeupe. Mtu aliyeheshimu vikao maisha yake yote hawezi kuvunja agizo la aliyekalia kiti. Katibu akainamisha kichwa. Mdomo ukagusa vile vitone vya kifuani, ukachagua kimoja. Mkono wa mkaguzi ukahamia kwenye kalamu nyekundu.

"Dada," alisema Fundi, "unakoroma."

Ukimya ukakatika kama uzi.

"Nani anakoroma?"

"Wewe. Miaka yote hii. Kama mtu anayeburuta kabati."

"Mimi sijawahi kukoroma."

"Unaanza unapolala, unaacha unapoamka. Nani angekwambia?"

Mama Baraza alimgeukia mkaguzi, akasema kwamba hapa pametolewa tuhuma nzito bila tarehe wala shahidi, na kwamba ukuta wenyewe wa nyumba hii unajua anayekoroma ni nani. Fundi akasema tarehe anazo, achague mwaka. Mkaguzi alifungua mdomo kuwakumbusha kwamba dakika mbili bado, kisha akatazama kwenye kijiti. Katibu alikuwa ameinua kichwa. Unyoya mdogo ulikuwa bado uko mahali pake, umelala upande kidogo. Alimtazama Mama Baraza akimaliza hoja, akamgeukia Fundi angojee jibu.

Mkaguzi alikaa pale mpaka wakafika kwenye mwaka wa sita. Ndipo akafunga kalamu nyekundu, akatafuta kwenye fomu yake, akauliza kwa sauti ya juu kidogo, ili asikike, aandike jina la nani kama mlezi.

"Langu," walisema wote wawili, na mkaguzi akavuta kiti.